Mwaka Wangu Ukingoni mwa Kope

Sista Chebet anasema nimestaafu. Mkataba wangu wa mwaka mmoja katika kliniki ya macho hapa Eldoret umekwisha, nimerudisha koti jeupe na ufunguo wa droo, na yeye amenipa mkono mbele ya wagonjwa kama mzee anayekabidhiwa saa ya ukutani. Nina miaka ishirini na mitano. Lakini mwezi ujao wanaingia wahitimu wengine, na mmoja wao ataketi kwenye kiti changu katika chumba cha kope. Haya nayaandika kwa ajili yake. Yasome kabla hujaanza kuogopa. Mimi nilianza kuogopa hata kabla sijaitwa kwenye mahojiano.

Chumba cha kope ni kile kidogo kilicho nyuma ya duka la miwani, chenye dirisha moja linalotazama paa la jirani. Hakuna mhitimu anayekitaka. Sote tulitoka chuoni tukiota mtoto wa jicho na presha ya macho, magonjwa makubwa yenye heshima. Nilipoambiwa kwamba nitashughulika na kope zilizovimba na macho makavu, nilikwenda nyumbani nikijiuliza kama ni adhabu, kama kuna jibu la mahojiano lililowaudhi, kama salamu yangu ilikuwa ndefu mno. Nilikuwa nimeandaa hoja za kujitetea kufikia asubuhi. Hakuna aliyeziulizia.

Siku ya kwanza Sista Chebet, muuguzi aliyekuwa ameendesha chumba hicho peke yake kwa miaka mingi, aliniketisha kwenye darubini ya mezani. Utaipenda mashine hiyo. Mgonjwa anaweka kidevu upande ule, wewe unatazama kutoka upande huu, na jicho linakuwa kubwa kama sahani. Aliweka kidevu chake mwenyewe.

“Angalia ukingo wa kope ya chini,” akasema. “Si nywele. Nyuma ya nywele.”

Nikaona safu ya vitobo vidogo sana, vimejipanga kama mashimo ya kushonea kwenye kiatu. Akabonyeza kope kwa kijiti cha pamba na kila kitobo kikatoa tone la mafuta, safi kabisa, linalong'aa. Nilikuwa nimesoma habari za tezi hizo. Nilikuwa nimezichora kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Lakini sikuwahi kuziona zikifanya kazi, na nilisahau kwamba nilikuwa naogopa.

“Sasa ngoja uone mgonjwa,” Sista akasema.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana wa benki ambaye alitazama kompyuta kuanzia asubuhi hadi jioni na, kwa jinsi nilivyomwona, alipepesa macho pale tu alipokumbuka. Tulipobonyeza kope yake hakukutoka kitu. Tukaweka kitambaa cha moto, tukasubiri, tukabonyeza tena. Yakatoka mafuta mazito, meupe, kama dawa ya meno. Nilitaka kuita watu.

Jioni hiyo nilimweleza mama yangu habari yote, dukani kwake mtaani West Indies, huku akimpimia mteja sukari. Nilimweleza kwamba machozi si maji matupu. Kwamba juu yake huelea utando wa mafuta, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, na utando huo ndio unaozuia machozi yasikauke. Vitobo vikiziba, utando unakatika, jicho linakauka na kuwaka moto. Mama alifunga karatasi ya sukari.

“Na hiyo ndiyo umesomea miaka minne?” akauliza.

Mteja akasema yake pia yanawasha. Nilimwangalia kope hapo hapo, kwa mwanga wa simu. Sijui kama iliruhusiwa. Nililifikiria jambo hilo wiki nzima.

Kitu cha kwanza utakachopambana nacho ni kwamba wagonjwa wa macho makavu wanakuja wakilia. Jicho likiungua, mwili unamwaga machozi ya kuzima moto, lakini ni machozi mabovu, yasiyo na mafuta, yanateleza mashavuni na kuliacha jicho kama lilivyokuwa. Nilimweleza hivyo mama mmoja kutoka Sugoi kwa utaratibu mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa jicho kwa ncha ya leso.

“Macho makavu,” akasema. “Na hii ninapangusa ni nini, soda?”

Jambo la pili ni gumu zaidi. Ugonjwa huu hauponi. Unatulizwa. Watu wamefunga safari tangu alfajiri, wamekaa kwenye benchi, wanataka sindano moja waende. Mimi nilikuwa nalizungukia neno hilo kama mtu anayepeleka habari za msiba. Sista Chebet alikuwa na njia yake.

“Mzee, leo umepiga mswaki?”

“Nimepiga.”

“Na jana?”

“Jana pia.”

“Sasa mbona unarudia? Kwani jana meno hayakupona?”

Wengi hucheka, na wakishacheka wanasikia yanayofuata. Yanayofuata ni haya, uyajue kwa moyo. Osha mikono. Kitambaa safi, maji ya moto ambayo umeyapima kwanza kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Kiweke juu ya macho yaliyofungwa, dakika kumi, na ukichovye tena kila kinapopoa, kwa sababu kitambaa kilichopoa ni kitambaa tu. Kisha pitisha kidole taratibu: kope ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu. Kisha safisha mashina ya nywele za kope kwa shampuu ya watoto iliyozimuliwa kwa maji yaliyochemshwa. Asubuhi na jioni. Halafu dropu za machozi ya bandia, zile ambazo daktari ameandika, si zile za kuondoa wekundu zinazouzwa popote. Za kuondoa wekundu hulifanya jicho liwe kama la bwana harusi leo, na keshokutwa linarudi jekundu kuliko lilivyokuwa.

Kuhusu maswali, naomba nikutetee mapema. Nilikuwa nauliza mno. Kwani unalala upande gani? Kwani mto unafuliwa lini? Kwani unapikia kuni, na moshi unatokea wapi? Sista alinibandika jina la Madam Kwani, na foleni nje ilipokuwa ndefu alikuwa akigonga mlango na kusema, “Madam Kwani, huyo mtu amekuja kutibiwa, hajashtakiwa.” Nilijaribu kupunguza. Nilikuwa naandika kichwani maswali niliyoyaacha, na yalikuwa yakinirudia nikiwa naoga.

Mzee Ochieng' alikuja mwisho wa Novemba, shule zilipokuwa zimefunga. Alikuwa dereva wa basi la shule moja ya binafsi upande wa Moi's Bridge. Alikuwa ametoka kwao kando ya ziwa akiwa kijana, akaja kuendesha matrekta kwenye mashamba makubwa, na basi hilo alikuwa amelishika tangu likiwa jipya. Aliongozana na mkewe, Mama Akinyi, ambaye alimsemea karibu kila kitu.

“Hawa watoto anawajua kwa majina ya babu zao,” Mama Akinyi akasema. “Lakini sasa barabara inampotea.”

“Haipotei,” Mzee akasema. “Inakuja na kwenda.”

Nilipomwambia apepese macho kisha asome, alisoma herufi ndogo vizuri. Nikamwambia asubiri bila kupepesa, herufi zikayeyuka. Aliponiambia kwamba akipepesa zinarudi, nilifurahi kwa namna isiyofaa kuonyeshwa mbele ya mgonjwa. Macho yake hayakuwa na kasoro ndani. Kioo cha mbele kilikuwa kinakauka, basi. Kope zake zilikuwa zimejaa magamba, vitobo vimeziba vyote. Msimu wa kupukuchua mahindi ulikuwa umemmaliza. Alikuwa amesaidia shambani kwake na vumbi lote alilipokea usoni.

Kisha akatuambia kilichomleta. Mwalimu Mkuu alikuwa amepanda basi siku ya mwisho ya muhula, akaketi nyuma yake, na akamwona akipangusa macho mara tatu kabla ya daraja. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba ikifika Januari na daktari hajasema kwamba anaona vizuri, basi litakuwa na dereva mwingine.

“Na ako sawa,” Mzee Ochieng' akasema. “Hata mimi ningesema hivyo. Ni watoto wa watu.”

Tulimfundisha yote niliyokueleza. Mama Akinyi alitaka kujua kama lazima kiwe kitambaa, maana kitambaa kinapoa haraka na nyumba yao ina baridi asubuhi. Sista akamwambia kitu chochote safi kinachoshika moto taratibu kinafaa. Wakaondoka. Nilikuwa na uhakika kwamba baada ya wiki chache angerudi akiwa mtu mpya. Nilikuwa na uhakika kiasi cha kuniogopesha.

Alirudi Desemba akiwa mbaya zaidi. Kope zilikuwa nyekundu, ngozi imeanza kubanduka, macho yanatoa uteute. Tukamuuliza kama anafanya tuliyomfundisha. Akasema anafanya, asubuhi na jioni. Sista Chebet aliniangalia. Mgonjwa alipotoka kidogo kwenda kumwona daktari, akasema, “Wote husema wanafanya. Hakuna mtu huja hapa aseme, Sista, nimeshindwa.”

Tukamfundisha upya. Daktari Wafula, daktari wetu wa macho, akabadilisha dropu. Krismasi ikapita. Mwanzoni mwa Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, walirudi wote wawili wakiwa wameondoka nyumbani gizani ili wawe wa kwanza. Sikuhitaji darubini. Mzee aliingia akiwa ameshika bega la mkewe.

Daktari Wafula alimpima, akavua miwani yake mwenyewe na kuiweka mezani.

“Mzee, nikikupima hivi leo, siwezi kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba ubebe watoto.”

“Basi nipe miwani.”

“Miwani haitasaidia. Ni kope.”

Mzee Ochieng' akauliza, si kwa hasira, kama kuna kazi ambayo mtu hufanya akiwa amefumba macho. Hakuna aliyecheka.

Daktari akaondoka kuwaza dawa. Sista akaanza kumwelekeza tena, sauti yake ikiwa ya upole kuliko kawaida, na nikajua kwamba alikuwa bado anaamini hawafanyi. Ndipo Mama Akinyi akafungua mkoba wake.

“Samahani, Sista. Kuna mahali mko na jiko? Leo asubuhi tumetoka mapema, hajafanya ya asubuhi. Nimekuja nayo.”

Akatoa soksi. Ilikuwa soksi ndefu ya shule, ya kijivu, imefungwa fundo juu, imejaa kitu kizito.

Sasa unaelewa kwamba mtu anayebeba kifaa chake cha macho kutoka Moi's Bridge hadi Eldoret si mtu anayedanganya kuhusu kukitumia. Sista alielewa pia. Alinyoosha mkono, akaipima soksi, akasema kwa mshangao, “Ni nini, mahindi?”

“Mahindi makavu,” Mama Akinyi akasema, na alikuwa na haki ya kujivunia. “Unayapasha kwa sufuria, unayarudisha kwa soksi. Yanashika moto mpaka umalize rosari. Kitambaa hakiwezi.”

Kwa kweli ni ubunifu mzuri. Nilitaka kuupenda. Lakini nilipoishika soksi vidole vyangu vilibaki na unga wa kijivu, na nilipovinusa nikajikuta katika duka la dawa za mifugo na mimea, pale mlangoni, ambapo harufu hukukamata puani. Nikaanza. Sikuweza kujizuia.

“Mama, haya mahindi mnayatoa wapi?”

“Kwa gunia. Nyumbani, sebuleni.”

“Kwani gunia limewekwa dawa?”

“Sasa wewe daktari, nani huweka mahindi bila dawa? Wadudu, hawa dumuzi, watakuachia unga.”

“Na mkitaka kuyala?”

“Tunangoja muda wake uishe. Tunapepeta, tunaosha, ndio tunapeleka kusaga kwa posho mill.”

“Na haya ya soksi, mliyaosha?”

Mama Akinyi alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto aliyesoma sana.

“Ya nini?” akasema. “Kwani tutakula soksi?”

Sista Chebet aliketi. Nami nilibaki nimesimama, soksi mkononi, nikihesabu asubuhi na jioni zote ambazo mtu huyu mwaminifu alikuwa amelala chali, akibandika dawa ya dumuzi yenye joto juu ya kope zilizokwisha kuchubuka, bila kukosa hata siku moja, kwa sababu tulimwambia asikose. Kila tulipomhimiza, aliongeza bidii. Kama angekuwa mvivu angekuwa amepata nafuu.

Mzee Ochieng' akamgeukia mkewe.

“Mama Akinyi,” akasema, “kumbe umekuwa ukinihifadhi kama gunia.”

“Na hujaingiwa na dumuzi,” mkewe akamjibu, lakini tayari alikuwa analia, na yale yalikuwa machozi mazima, yenye mafuta yake yote.

Tulimsafisha macho kwa maji ya chumvi ya hospitali hadi nikaona vidole vyangu vimekunjamana. Daktari Wafula alirudi upesi, akaweka ile rangi ya njano inayoonyesha mikwaruzo, akatazama kwa muda mrefu. Mikwaruzo ilikuwapo, midogo. Kidonda hakikuwapo. Soksi ilifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kwenda zake. Tukawaambia wafue mto, shuka na taulo, na magunia yatoke sebuleni. Sista akatoa chupa yetu wenyewe ya chai, ile nyekundu, akawaonyesha kwamba maji ya moto yakikaa humo na kitambaa kikichovywa mara kwa mara, joto halipotei.

“Chupa ya chai mko nayo?” akauliza.

“Sista,” Mama Akinyi akasema, “kuna nyumba haina chupa ya chai?”

Nilitembea kwenda nyumbani siku hiyo nikiwa karibu kukimbia. Nilikuwa nimeshikwa na furaha ambayo sikujua pa kuiweka, na papo hapo hofu: je, kama nisingeuliza? Je, ni nani mwingine aliyepasha mahindi? Niliyafikiria yote mawili pamoja, nikagundua kwamba yanaweza kukaa kichwani mwa mtu mmoja bila kugombana. Kuanzia hapo Sista Chebet mwenyewe akawa anamuuliza kila mgonjwa, hata foleni ikiwa ndefu: hicho unachoweka juu ya macho, kabla ya hapo kilikaa wapi? Muulize hivyo hivyo. Hii ni nchi ya mahindi. Usiseme “kitu chochote safi” ukadhani umeeleza.

Mzee alirudi Ijumaa, shule zikiwa zinafunguliwa Jumatatu. Niliogopa kumwita jina. Kope zilikuwa zimetulia, bado na wekundu kidogo, ngozi imeacha kubanduka. Vitobo vilitoa mafuta, si safi kama ya Sista, lakini yalitoka. Daktari Wafula alimpima, akamwacha aketi kwenye benchi, akampima tena, akamwacha, akampima mara ya tatu mchana jua likiwa kali na upepo umeanza. Herufi zilikaa mahali pake. Daktari akamwandikia karatasi ya kumruhusu aendeshe, akamwambia arudi tumwone baada ya wiki mbili.

Mzee Ochieng' alikunja karatasi yake mara nyingi sana, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Akafika getini, akarudi, akatuaga mmoja mmoja.

Jumatatu alasiri simu ya kliniki ililia. Daktari Wafula alikuwa chumba cha upasuaji, Sista amekwenda kula, kwa hiyo mapokezi wakaniletea mimi. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyezoea kusikilizwa.

“Nyinyi ndio mlisema dereva wangu anaona?”

Nikasema ni sisi.

“Sasa mimi niko hapa kando ya basi. Watoto wamepanga laini waende nyumbani, na huyu mtu amelala kwa kiti, kitambaa usoni.”

Nyuma yake nilisikia watoto wakicheka, na sauti ninayoijua ikisema kwa utulivu kutoka chini ya kitu fulani, “Mwambie Mwalimu sijalala.”

“Hajalala, Mwalimu,” nikasema. “Anatunza kope. Ni dakika kumi.”

“Si angefanya nyumbani?”

“Nyumbani amefanya ya asubuhi. Hii ni ya kumpa macho ya kuwarudisha watoto, vumbi la mchana likiwa limeshampata.”

“Na hii maneno itaisha lini?”

Nilitafuta maneno ya kuzunguka, kama nilivyokuwa nikitafuta mwanzoni, na sikuyataka.

“Haiishi,” nikasema. “Ni kila siku. Akiifanya, anaona. Akiiacha, mtachukua dereva mwingine.”

Nilisikia mlango wa basi ukifunguka, na Mzee Ochieng' akiwaita watoto waingie, wadogo kwanza. Injini ikawaka. Nilidhani Mwalimu Mkuu angekata, lakini alikuwa bado yupo. Nilisikia akipiga hatua kando, mbali na kelele, na aliposema tena alikuwa ameshusha sauti.

“Haya macho yangu huwasha kuanzia saa nne,” akasema. “Miaka yote nimekuwa nikidhani ni chaki. Hicho kitambaa, kinatakiwa kuwa moto kiasi gani?”

Nilivuta kiti, nikaketi, nikaanza kumweleza, tangu kuosha mikono.